Aliyepiga Picha

Chumba cha mahojiano kilikuwa na joto la tanuri, lakini mshukiwa alikaa amekumbatia kifua chake kama mtu aliyenyeshewa. Inspekta alimtazama akiwa amesimama. Kukaa hakukuwa desturi yake. Tangu enzi za mafunzo wenzake walimbandika jina la Siafu, kwa kuwa hakutulia mahali pamoja na akishauma haachii, na jina hilo lilimganda hata sasa alipokuwa na nyota begani na mvi kichwani.

Jalada alilokabidhiwa asubuhi ile lilikuwa limeshaiva, lasubiri kupakuliwa tu. Kampuni moja ya kompyuta ilitengeneza programu ya kutuma magari ya wagonjwa: mtu akipiga simu ya dharura, programu inatafuta gari lililo karibu na kulielekeza kwake. Ijumaa iliyopita, alasiri, programu hiyo ilifutika yote pamoja na nakala zake za akiba. Magari yakabaki yamezubaa vituoni. Fundi cherehani mmoja mstaafu alikata roho sebuleni kwake, mkewe kashika simu, anaambiwa asubiri. Wataalamu wa polisi walisema ufutaji ule usingewezekana kwa mbali. Ulifanywa kwa mkono, ndani ya chumba cha seva. Mlango wa chumba hicho hufunguliwa kwa kadi, na alasiri ile kadi moja tu ndiyo iliyoufungua. Ilikuwa ya mwanamke huyu mfupi, mhandisi aliyeiandika programu yenyewe, ambaye kazini na nyumbani walimwita Mama Pacha kwa ajili ya watoto wake wawili ambao hata kutambaa walikuwa hawajaanza.

Mpelelezi aliyemtangulia Siafu, kabla ya kuhamishwa, alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: mwongo. Na kweli, maelezo ya mwanamke yalikuwa yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Alisema alasiri hiyo alikuwa mkutanoni, ghorofa ya juu, pamoja na madaktari waliokuja kuiona programu. Wanaume watano wa kampuni hiyo waliapa hakuwamo. Tena alisema kadi yake ilikuwa mfukoni mwake siku nzima, hakumpa mtu.

"Mtu hawezi kuwa mkutanoni, na kadi iliyo mfukoni mwake ikafungua mlango wa ghorofa ya chini," Siafu alimwambia. "Kimojawapo ni uongo."

"Andika unavyotaka, afande."

"Mimi siandiki ninavyotaka. Ulikuwa wapi?"

"Mkutanoni. Nilisema mara ya kwanza, wanaume watano wakasema hapana. Nikirudia itasaidia nini?"

"Na kadi?"

Mama Pacha akainamisha macho nyuma ya miwani yake, akawa kama hakusikia. Siafu alizunguka meza, akarudi alikotoka. Swali la kwanza lilikuwa limemtia mwanamke hasira. La pili lilimtia hofu. Kwa uzoefu wake, hasira ni ya mtu aliyesema kweli akapuuzwa, na hofu ni ya mtu aliyebeba kitu cha kuficha. Haikuwa ajabu basi kwamba mpelelezi wa kwanza alivichanganya viwili hivyo akavipa jina moja.

Hapo ndipo alipoona kwa nini mikono ile haikubanduka kifuani. Blauzi ilikuwa imelowa, upande huu na upande huu.

Akamwuliza ni lini alipowanyonyesha mara ya mwisho. Jana asubuhi, alijibu, kabla hawajaja kumchukua. Siafu akatoka.

Kwenye korido bibi mmoja alikuwa akienda na kurudi, mtoto mmoja mgongoni, mwingine begani, na wote wawili walilia kwa zamu, huyu akichoka anapokewa na mwenzake. Alikuwa mama yake mshukiwa. Sajini wa mapokezi alikuwa amemwambia saa za kuona mahabusu bado, na alijaribu kumwambia Siafu hivyohivyo, kwamba utaratibu ni utaratibu. Siafu akamjibu aandike kuwa utaratibu umevunjwa na yeye, aliandike jina vizuri, kisha akamchukua yule wa begani.

"Mungu akuweke, mwanangu," bibi alisema akimfuata. "Chupa hawaitaki leo. Siku zote wanakunywa, maana mama yao huwakamulia kazini akaja nayo jioni. Leo wameikataa, sijui wananusa nini."

"Kazini hukamulia wapi, mama?"

"Sikujui huko. Yeye husema tu kuna chumba kina baridi, mpaka vidole vinakufa ganzi."

Siafu alisimama. Kwa mtu kama yeye, kusimama lilikuwa tukio.

Aliwaacha watoto kwa mama yao, na alipokuwa kwenye gari mkuu wake alimpigia simu kumkumbusha kwamba jalada linatakiwa kwa mwendesha mashtaka kabla ofisi hazijafungwa, na kwamba magazeti yameshauliza. Siafu aliitikia ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, huku mguu wake ukigonga sakafu ya gari. Alikuwa na mchana mmoja tu, tena nusu yake ilishakwisha.

Kampuni ilikuwa ndani ya jengo la vioo. Mkurugenzi alimpokea amevaa kandambili na fulana, kijana wa tabasamu tayari, akamwomba asimwite mkurugenzi. "Hapa hatuna mabosi, mama. Sisi ni familia. Wote wananiita Kaka." Akamtembeza: meza ya kuchezea tenisi, matakia ya rangi, mashine ya kahawa inayosaga yenyewe, chumba cha kulala usingizi mfupi chenye pazia la shanga mlangoni. Siafu aliuliza ni wapi mama anayenyonyesha anaweza kujifungia akakamua maziwa. Kaka alicheka kidogo, kisha akaona mwenzake hacheki. Akasema hakuna aliyewahi kuuliza.

Meza ya Mama Pacha haikuwa imeguswa. Juu ya kompyuta yake mtu alikuwa amebandika picha ya ng'ombe wa maziwa, ya rangi, iliyokatwa vizuri kwa mkasi. Ukingo wake ulikuwa umebanduliwa na kubandikwa tena mara nyingi, hadi gundi ikaacha vidonda.

"Utani huo," Kaka alisema. "Vijana wana utani. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka."

"Alicheka au alinyamaza?"

Kaka alifikiri. "Nadhani alicheka."

Kwenye chumba cha seva alikabidhiwa kwa mkuu wa mitambo, mwanaume mrefu ajabu, aliyeinama kupita mlangoni kama anayeingia pangoni. Wote walimwita Mlingoti, na yeye alilikubali jina kwa fahari. Njiani alisema amesikitishwa sana na jambo la dada yao. Yeye ndiye aliyempokea kazini, akamfunza. Lakini wanawake wakishajifungua, afande mwenyewe anajua, akili hutawanyika. Siafu alisema yeye hajui, hakujaliwa mtoto. Mlingoti akaomba radhi.

Mlango ulilia tii! alipopitisha kadi. Ndani baridi iliuma. Mitambo ilipangwa kwa safu kama makabati, taa zake za kijani zikikonyezana, na mngurumo wake ulijaa masikio. Siafu alipita kati ya safu hadi mwisho, na huko nyuma, mahali ambapo mtu mwenye haraka hafiki, alikuta shuka la maua limetundikwa kwenye waya, kigoda, na boksi.

"Hili shuka limekuwa hapa tangu lini?" aliuliza Mlingoti nyuma yake.

Halikuwa swali la mpelelezi kujibu. Lakini Siafu alisikia jinsi lilivyotoka, kavu, na alipogeuka aliona macho ya mtu yule yamegota kwenye shuka na hayabanduki.

Alichuchumaa akafungua boksi. Juu kulikuwa na pampu ya kukamulia maziwa, chupa safi zilizofungwa kwa kitambaa, pamba. Basi bibi hakukosea; chumba cha baridi ndicho hiki, na kadi ya Mama Pacha iliingia humu kila siku kwa sababu ambayo mwanamke hawezi kuieleza mbele ya watu waliombandikia ng'ombe. Chini ya pamba kulikuwa na vitu vingine: biskuti kavu zisizo na sukari, ndimu iliyokatwa ikafungwa kwenye karatasi pamoja na chumvi, na mifuko ya plastiki imekunjwa vidogovidogo. Siafu aliinusa ndimu. Haikuwa imekauka sana.

Yeye hakujaliwa mtoto, lakini alilea wadogo zake na wake wa kaka zake wakapita mikononi mwake. Anayenyonyesha hutafuta kitu cha kumwongezea maziwa, uji, supu. Ndimu na chumvi, na mfuko wa kutapikia, ni vya mwingine kabisa.

Alifunga boksi. Wakati wa kutoka aliinama kwenye mlango, akaona chini ya kisanduku cha kadi tundu la ufunguo la kizamani. Mlingoti alisema ni la zamani, kabla ya kadi. Ufunguo ulipotea siku nyingi. Siafu akapitisha kidole. Fremu yote ilikuwa na vumbi, ila tundu. Kidole kilitoka na mafuta.

Huko juu, kwenye chumba cha mikutano alikopanda pamoja na Mlingoti, Kaka alikuwa na ushahidi wake mwenyewe na alikuwa na hamu ya kuutoa. Alifungua simu yake akaonyesha picha ya siku ile ya Ijumaa: meza ndefu, vikombe vya chai, madaktari wawili, yeye mwenyewe katikati na wahandisi wake watatu, wote wakitabasamu. Picha hiyo ilikuwa imetundikwa hata kwenye skrini ya mapokezi. "Tazama mwenyewe, mama. Yumo? Hayumo. Sasa yeye anasema alikuwa mkutanoni."

Siafu alitazama saa iliyoandikwa kwenye simu. Picha ilipigwa katika dakika zilezile ambazo programu ilikuwa inafutika huko chini.

"Na huyu?" Alimwelekezea Mlingoti kidevu. "Aliapa alikuwamo. Mbona naye hayumo?"

"Mimi ndiye niliyepiga," alisema Mlingoti.

Alisema upesi mno. Kaka akamgeukia, akamwangalia, kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali kitu ambacho hajawahi kukifikiria. "Ndiyo. Itakuwa yeye."

"Simu ni yako. Ulimpa nani?"

"Sikumbuki. Nilinyoosha mkono tu, mtu akaichukua."

Siafu alilirudia neno hilo kichwani mwake: mtu akaichukua. Akaenda dirishani, akarudi, akasimama kwenye kichwa cha meza. Akamwomba Mlingoti amsaidie. Apige picha ya chumba kutoka palepale alipopigia Ijumaa, kwa simu ileile, ili aiweke kwenye jalada. Mlingoti hakuona ubaya. Akainua simu usoni pake, akapiga.

Siafu aliziweka picha mbili pamoja. Katika ile mpya meza ilionekana kwa juu kama uwanja, na juu ya kabati la ukutani lilionekana furushi la nyaya kuukuu, limejaa vumbi. Katika picha ya Ijumaa furushi halikuwapo. Chumbani lilikuwapo, bila shaka, vumbi lake lilikuwa la miaka. Ila aliyepiga hakuwa na kimo cha kuliona. Kwake yeye vikombe vilisimama mbele kama vilima.

Alishukuru, akasema basi, inatosha. Hakuwa mjinga wa kukamata mtu kwa furushi la nyaya. Wakili yeyote angesema mtu mrefu anaweza kupiga magoti. Alitoka hadi kwenye ngazi, akazipanda na kuzishuka huku akitafuta namba ya mmoja wa madaktari waliokuwa pichani. Hakuna aliyekuwa amewahoji madaktari. Kwa nini wahojiwe? Walikuwa wageni, na wanaume watano walikuwa wameshaapa.

Daktari alikuwa na haraka, alikuwa kati ya wagonjwa. Siafu alimwuliza jambo moja, nani aliwapiga picha.

"Yule dada wa chai," alisema daktari bila kusita. "Mfupi, ana miwani. Namkumbuka kwa kuwa nilimwomba aniongezee sukari."

"Baada ya kuwamiminia chai alitoka?"

"Hapana, alikaa pembeni anaandika. Nilidhani karani. Alikuwepo mpaka simu zilipoanza kulia kwamba mambo yameharibika. Tena yeye ndiye wa kwanza kukimbia."

"Daktari, ile programu mliyokwenda kuiona, mliambiwa nani aliitengeneza?"

Upande wa pili sauti ya kitanda cha magurudumu ikapita. "Tuliambiwa ni timu," daktari alisema taratibu. "Kwa nini? Ni nani?"

"Aliyewaongezea sukari," Siafu akamjibu, akamwomba asiondoke hospitali mpaka askari amfikie kuandika maelezo.

Basi Mama Pacha alikuwa mkutanoni tangu mwanzo hadi mwisho. Kati ya wale wanaume watano, wanne walikaa naye chumba kimoja, wakanywa chai ya mkono wake, wakatabasamu mbele ya macho yake, na wote wanne waliapa kwa roho safi kabisa kwamba hakuwapo. Wanne hao hawakusema uongo. Hilo ndilo lililomkereketa Siafu kuliko uongo wa huyo wa tano. Na kama mwili ulikuwa juu, kadi ilikuwa chini, mkononi mwa mtu mwingine. Mtu wa ndimu na chumvi.

Kumtafuta hakukuwa kazi. Kwenye ghorofa ile ya wahandisi, Mama Pacha alipoondolewa alibaki mwanamke mmoja tu. Alikuwa binti mgeni, kazi yake kuzifanyia programu majaribio kabla hazijatoka, na kwa kuwa ajira yake nayo ilikuwa bado ya majaribio, vijana walimwita Majaribio, wakaona wamepata utani wa mwaka. Amevaa sweta pana siku ya jua. Siafu alipopita mbele ya meza yake, binti alijifanya anasoma skrini iliyokuwa imezimika.

Alimngoja kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza siku ile akakaa. Alikaa kwenye kipandio, akapigapiga nafasi ya pembeni. Majaribio alikaa.

"Mimba ina muda gani, mwanangu?"

Binti alifunika uso kwa mikono. Hakulia. Alionekana kama mtu anayetua mzigo na bado hajaamini kwamba mabega ni yake.

Habari ilitoka vipandevipande. Alipoanza kazi aliambiwa habari za mwenzake aliyemtangulia, ambaye tumbo lilipoanza kuonekana aliitwa na Kaka, akakumbatiwa, akaambiwa kwa upole kwamba haendani na utamaduni wa kampuni. Hakufukuzwa, hakuthibitishwa tu. Kwa hiyo binti alificha. Vyoo vya ghorofa ile ni vya wote pamoja, na mtu akitapika husikika mpaka kwenye mashine ya kahawa. Mama Pacha ndiye aliyemgundua, wala hakumwuliza kitu. Siku moja alimwekea ndimu kwenye droo. Baadaye akawa anamwazima kadi. Aliwahi kuomba chumba, Mama Pacha, aliomba kwenye kikao mbele ya wote. Siku ya pili yake ndipo ng'ombe alipobandikwa.

"Ijumaa hali ilinizidi," alisema Majaribio. "Akanipa kadi. Akasema, nenda kapumzike, mdogo wangu, mimi wananiita nikamimine chai."

"Ukaenda nyuma ya shuka."

"Nikakaa na ndimu mdomoni. Halafu mlango ukafunguka, lakini haukulia. Ule mlio wa kadi haukuwepo. Nikajua ni mtu wa ufunguo."

"Ulimwona?"

"Afande, yule hafichiki. Kichwa chake kilikuwa juu ya mitambo. Alikuwa anabonyeza, anabonyeza, kisha akaacha. Akashika kichwa hivi. Nikamsikia anasema, rudi, rudi basi, kama anaita mbwa."

Hakuwa ameelewa alichokiona mpaka simu zilipoanza kulia. Walipokuja kumchukua Mama Pacha, alisimama aseme. Mama Pacha akamtazama na kumtikisia kichwa, kidogo tu, asije akaonekana. Tangu hapo alikuwa amefika kwenye lango la kituo cha polisi na kugeuka. Usingizi haukumjia. Na asubuhi hii alikuja kazini akakaa kwenye kiti kinachotazamana na Mlingoti.

Siafu hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Siwezi kukuahidi kazi yako. Nikikuahidi nitakudanganya. Ninachojua ni kwamba bila wewe nina picha na daktari, vinatosha kumtoa mama wa watu ndani, labda. Havitoshi kumwingiza aliyefanya."

Majaribio alivuta uzi wa sweta lake. Kisha akauliza swali ambalo Siafu hakulitarajia.

"Yule mzee. Alikuwa anasumbuliwa na nini?"

"Moyo. Gari lilikuwa mtaa wa pili."

Binti aliinuka, akashuka kwenda kuchukua mkoba wake. Aliporudi hakuwa amechukua mkoba peke yake. Alikuwa amebeba na kikombe chake, na chaja, na kandambili zake za ofisini, kwa kuwa alijua fika kwamba meza ile hataikalia tena.

Mlingoti walimkuta mezani kwake. Siafu alimwomba aweke juu ya meza funguo zake zote. Ofisi nzima ilikuwa imesimama, Kaka mbele yao, tabasamu lake limepotea njia. Mlingoti aliziweka, kisha akaziangalia kana kwamba ni za mtu mwingine. Kabla Siafu hajaugusa hata mmoja, alinyoosha kidole kirefu akautenga mmoja na wenzake.

"Kulikuwa na kosa dogo," alisema. "Dogo tu. Nililiona asubuhi. Sikutaka wageni walione."

"Programu si yako. Mwenyewe alikuwa hatua chache kutoka hapa. Ungemwuliza."

"Nimwulize yeye?" Mlingoti alionekana kushangaa kweli. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Alisema aliingia kwa ufunguo kwa sababu hakutaka ijulikane kwamba mkuu mzima amekwenda kugusagusa kazi ya aliye chini yake. Alibonyeza pale alipodhani panafaa. Programu ikaanza kufutika. Alipojaribu kuizuia, nakala za akiba nazo zikafuata. Alitegemea itarudi. Siafu alimwuliza na walipokuja kumkamata mwenzake, je, alitegemea nini. Mlingoti aliinama, mrefu vile, akaonekana amepungua.

"Nilidhani watamwachia. Ni mama wa watoto."

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipofika kituoni. Siafu alimpigia mwendesha mashtaka akamwambia jalada halitafika leo, na likifika litakuwa na jina jingine juu; kisha akazima simu kabla mkuu wake hajaipata habari. Majaribio aliandikisha maelezo yake kwa sauti ndogo iliyozidi kupata nguvu, na alipomaliza alitoka kwenye korido akamkuta bibi bado anatembea na mtoto mmoja anayekataa kulala. Akampokea bila kuambiwa.

Mama Pacha alikuwa kwenye benchi la mapokezi, huru, shuka la polisi begani, mtoto wa pili ananyonya. Alipomwona binti alifumba macho, akatikisa kichwa vilevile kama alipokamatwa, lakini sasa kwa namna ya mtu aliyeshindwa na aliyefurahi kushindwa. Wakasogezana. Majaribio alimpa na yule aliyembeba. Hapakuwa na mwanaume pale aliyejua aangalie wapi. Sajini aliamua kupanga kalamu zake.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa Kaka, na alitaka kujua Mama Pacha atatoka saa ngapi. Alisema wanasikitika wote, familia nzima. Lakini zaidi ya hapo, programu bado haijarudi, magari yanatumwa kwa kubahatisha, na katika wahandisi wake wote hakuna anayeweza kuijenga upya isipokuwa yeye. Siafu alisikiliza, kisha akavuta waya wa simu mpaka kwenye benchi. Mama Pacha hakuwa na mkono wa kushikia. Siafu akamshikia sikioni.

Alisikiliza maneno yote, hakuyakatiza. Maziwa yalikuwa yakimtiririka, mtoto mmoja akikohoa na kurudi.

"Nitakuja," alisema. "Nitakuja leo leo, kwa sababu kuna watu wanasubiri magari, na nitakuja na mdogo wangu anisaidie. Lakini kwanza weka simu yako wasikie wote. Wamesikia? Haya. Waambie Ijumaa nilikuwa wapi."

Kutoka kwenye simu ilisikika ofisi nzima, viti vikisogezwa, mtu akikohoa, kisha hakuna kitu. Siafu alibadilisha mkono, maana ule wa kwanza ulianza kuchoka, akaibana simu vizuri zaidi kwenye sikio la mwanamke.

"Sina haraka," alisema Mama Pacha. "Wanangu bado wananyonya."